Kilemba cha Barafu cha Helny Vanhatalo

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya bodi iliyokutana kwa njia ya kompyuta, inatangazwa kwa wakazi wote wa Kivimutka, wageni waalikwa, mbwa wa kuvuta sleji juu ya theluji na kila kiumbe chenye damu ya moto upande huu wa mto Torne, kwamba Bi Helny Vanhatalo, mwenye umri wa miaka sitini na minane, mjane na mkata barafu, kuanzia leo ni Mama wa Barafu wa Milele. Sanamu yake itachongwa kwa barafu ya kwanza ya mavuno ya Machi, ili vizazi vijavyo vimtazame na kuburudika.

Aliyeyasoma hayo, siku hoteli ya barafu ilipofunguliwa mwezi Desemba, alikuwa Casper Wreding, mkurugenzi mpya kutoka kusini, akiwa na kofia ya manyoya iliyomfanya aonekane kama mtu aliyekaliwa kichwani na mnyama asiye na haraka. Ukumbi wote ulikuwa wa barafu: nguzo, kaunta, viti, hata bilauri. Watu wakapiga makofi, yale makofi ya watu wenye glavu nene, pu, pu, pu, kama magunia yanashushwa.

Helny alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Wenzake walisikia neno "milele" wakafurahi. Yeye alisikia "kuanzia leo" akajua kuna jambo. Mtu hapewi umilele bure. Na kweli, karatasi ya Casper ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho: kwamba Mama wa Barafu sasa apumzike kwa heshima zake zote, na mtoni asisumbuliwe tena.

"Shemeji," akanong'ona Sixten, mdogo wa marehemu mumewe na dereva wa tingatinga la hoteli, "umefukuzwa kazi au umetangazwa mtakatifu?"

"Yote mawili," Helny akasema. "Kwa kawaida huwa wanasubiri mtu afe kwanza."

Alizaliwa katika nyumba ileile nyekundu anayokaa mpaka leo, pale mto unapokunja kiwiko. Baba yake, Hjalmar, alikata barafu enzi ambazo barafu ilikuwa na kazi ya maana, yaani kuyazuia maziwa yasichache. Kila Machi aliyafukia mapande kwenye vumbi la mbao, na mpaka Agosti kijiji kilikuwa na siagi ngumu. Kisha umeme ukaja, friji zikaja, Hjalmar akatundika msumeno, akabaki dirishani akiutazama mto kama mtu anayemtazama mke wake wa zamani akipita na mwanamume mwingine.

Alikufa mwaka mmoja kabla ya kichekesho kikubwa kufika. Walikuja watu wa kusini wenye skafu ndefu, wakauliza barafu nzuri inapatikana wapi. Kijiji kizima kilidhani wamelewa. Watu ambao babu zao walitumia miaka elfu moja kuikimbia baridi, leo waambiwe kuna binadamu watakaopanda ndege kuja kulala ndani yake! Na wakaja. Wanalala juu ya ngozi za kulungu, digrii tano chini ya sifuri, pua nje, mwili ndani ya mfuko, na asubuhi wanapewa cheti cha kuthibitisha kwamba hawakufa. Hoteli hujengwa Novemba kwa mapande ya Machi yaliyotunzwa ghalani, huyeyuka Mei, na sheria inataka kila chumba cha barafu kiwe na king'ora cha moshi. Sixten ndiye anayevifunga. "Moto ukiwaka humu," husema, "namwomba aliyeuwasha aje anifundishe, maana mimi jiko langu la nyumbani linanisumbua."

Mgeni mmoja aliwahi kumuuliza Helny kama na yeye hulala humo.

"Nina kitanda," Helny akajibu.

Kulala si kazi yake. Kazi yake ni kulima. Wageni wanadhani barafu hujitokea yenyewe, kama mba. Barafu hulimwa. Theluji ni blanketi. Ukiiacha juu ya mto, maji ya chini yanalala na joto lao, na barafu inakuwa nyembamba, mvivu, haina maana. Kwa hiyo kila theluji inapoanguka, hata kama ni mara tatu kwa wiki, mtu inabidi aingie mtoni na trekta aikwangue, barafu ibaki uchi, baridi iume mpaka kwenye mfupa. Ukifanya hivyo majira yote, ifikapo Machi unakuwa na unene wa mita nzima. Na pa kulima ni pale konani, mbele ya nyumba nyekundu, ambapo mto unakimbia chini kwa chini na kuondoka na mapovu yote. Pande la kona ile unaweza kusoma gazeti kupitia ndani yake, ingawa kwa maoni ya Helny gazeti lenyewe halistahili taabu hiyo. Kwa miaka thelathini mkulima wa shamba hilo alikuwa yeye.

Kesho yake Casper alimwita ofisini, kwenye jengo la mbao, kwa sababu mkurugenzi wa hoteli ya barafu naye ana kitanda.

"Bi Helny, tafadhali usilichukulie vibaya. Ni mambo ya bima. Umri. Unaelewa."

"Sielewi."

"Na shamba tunalihamishia ghubani, mbele ya hoteli. Wageni wayatazame mavuno kupitia kioo, kikombe cha supu mkononi."

"Ghubani maji yamesimama. Barafu yake ni nyeupe kama maziwa. Na theluji atakwangua nani?"

Casper akatabasamu kama mtu aliyengojea swali hilo tangu asubuhi. "Hatukwangui. Nimeziona picha zako za miaka iliyopita. Ukikwangua, mto unakuwa mweusi, unafanana na maegesho ya magari. Watu hawatoki Singapuri kuja kutazama lami. Tunataka weupe."

Helny akamtazama kwa makini. Katika maisha yake alikwisha kuona wanaume wakikojoa kuelekea upepo unakotoka, lakini hakuwahi kuona mmoja akilipwa mshahara kwa kazi hiyo.

"Kijana, ukiifunika blanketi mpaka Machi, utavuna uji."

"Bi Helny, mimi nimesomea masoko."

"Naona."

Akaombwa funguo za trekta la hoteli. Akazitoa mfukoni, akaziweka mezani juu ya mchoro wa sanamu yake. Mkurugenzi alitaka na kitu kingine: ule mtaimbo wa marehemu Hjalmar uliokuwa stoo. Si mtaimbo wa mapambo ule. Kila mwaka, kabla mashine yoyote haijakanyaga mto, mkata barafu mkubwa kuliko wote hupiga nao mara tatu mahali pamoja. Maji yakiruka pigo la kwanza, rudini nyumbani. Yakiruka la pili, tembeeni kwa miguu, na msiwe na mtu mnayempenda. La tatu likiwa kavu, leteni mashine. Casper aliona una "historia", akautundika ukumbini juu ya kaunta na kuuwekea taa ya buluu.

"Mmenipunguza pua," Helny akasema, macho kwenye mchoro, akatoka.

Waswahili wana msemo, kilemba cha ukoka: unavishwa majani, unaambiwa ni hariri, na wewe unainamisha kichwa kushukuru. Helny hakuinamisha kichwa. Theluji ilipoanguka keshokutwa yake, alikunywa kahawa yake yenye vipande vya jibini, akavaa suruali mbili, akaenda bandani. Humo mlikuwa na trekta la marehemu Ture, mumewe, trekta la kijivu lisilo na paa, kubwa kwa umri kuliko mkurugenzi. Na maji ya pale konani, toka babu yake, yalikuwa mali ya shamba la nyumba nyekundu. Hoteli ilikuwa ikiyatumia kwa mazoea tu, kama jirani anavyotumia ngazi yako mpaka anasahau ni ya nani.

Sixten alipita Jumapili, akamkuta katikati ya mto.

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nalima."

"Unamlimia nani?"

"Mto."

"Mto umekuajiri?"

"Haujanifukuza."

Kulikuwa na jambo moja tu lililomfanya avae suruali mbili kila siku. Alijua ghuba itatoa uji. Alijua pia kitakachosemwa: barafu imekataa, hali ya hewa imebadilika, ndiyo dunia ya sasa. Hakuna atakayesema kwamba theluji haikukwanguliwa. Hoteli isingejengwa tena, na yeye angebaki milele yule mama wa zamani mwenye sanamu. Alitaka Machi imkute mtoni, msumeno mkononi. Asimamishwe ukingoni kama mti uliokauka? Hapana.

Januari ikaja barua. Kutoka dirisha la sauna ya wageni, ile nyumba ya kuogea mvuke, iliandikwa, linaonekana "doa jeusi linaloathiri taswira ya majira ya baridi", na Bi Helny anaombwa kusitisha shughuli hizo mara moja. Helny aliisoma mara mbili, isije ikasemwa hakusoma. Kisha akaibana kwenye usukani wa trekta kwa kibanio cha nguo, akaenda kuongeza shamba mita kumi kuelekea sauna. Barua ya pili ilipokuja, akaongeza mita kumi nyingine. Sixten alisema kama Casper angekuwa hodari kidogo wa kuandika barua, wangekwisha kufika baharini.

Kijiji kikachukua pande, yaani kikafanya kile ambacho kijiji chetu hufanya: kilinyamaza kwa namna mbili tofauti. Dukani waliokuwa na watoto wanaofanya kazi hotelini walimsalimia Helny kwa nyusi. Wengine walimsalimia kwa nyusi na kidevu.

Februari baridi ilishuka mpaka digrii thelathini na nane chini ya sifuri, na trekta la Ture likagoma. Na theluji nayo ikaanguka. Helny akachukua koleo pana la kusukuma, akaanza kwa mikono. Siku ya kwanza alimaliza kipande cha ukubwa wa ukumbi wa kanisa. Siku ya pili, cha ukubwa wa jiko lake. Siku ya tatu magoti yalikataa, akakaa juu ya koleo katikati ya mto, adhuhuri, jua likiwa halijainuka juu ya miti, kwenye ule mwanga wa buluu ambao wageni huulipia nauli. Kwa mara ya kwanza akawaza kwamba sanamu ina faida moja: haina magoti mabovu. Alikaa kiasi cha kuvuta sigara moja, ingawa sigara aliiacha mwaka aliofiwa. Halafu akasimama, kwa sababu kukaa ndiko alikokuwa akitakiwa.

Asubuhi iliyofuata alikuta nusu ya shamba imekwanguliwa, safi, na alama za magurudumu mapana zinaelekea hotelini.

"Sixten, umepita kwangu?"

"Mimi? Mimi ni mwajiriwa mwaminifu. Labda sungura."

"Sungura mwenye magurudumu manne."

"Baridi hii, shemeji, sungura wanafanya lolote."

Helny akamletea nyama kavu ya kulungu, akaiacha kwenye kiti cha tingatinga bila neno. Sungura aliila yote.

Siku ya mavuno jua lilikuwa limerudi na ghuba inapendeza kweli, hilo tuseme bila hiana. Nyeupe kama kitanda kilichotandikwa. Wageni walipangwa nyuma ya kioo na supu zao. Casper akainua mkono kuliruhusu tingatinga liingie.

Sixten akazima injini.

"Kuna nini?" Casper akauliza.

"Mtaimbo."

"Mtaimbo gani?"

"Haujapigwa. Siingii."

"Sixten, ule ni mapambo!"

"Na mimi nina mke," Sixten akasema. Akashuka, akaingia ukumbini, akarudi na mtaimbo begani, waya wa ile taa ya buluu ukiburuzika nyuma yake kama utumbo. Akatembea hatua chache ghubani, theluji ikimfika magotini, akafukua kidogo, akapiga pigo moja.

Mtaimbo ukazama mpaka alipoushika. Maji ya kijivu yakaruka, yakamlowesha mkurugenzi viatu vya ngozi, kisha yakaendelea kuchuruzika taratibu juu ya ule weupe kama mtoto aliyejikojolea. Nyuma ya kioo wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Wakajaribu ukingoni, ambako palikuwa pagumu kidogo, wakaambulia mapande mawili ya unene wa mto wa kulalia, meupe, yamejaa mapovu. Baada ya hapo wote, mmoja mmoja, bila kuambizana, wakageuza shingo kutazama kona ya mto. Lile doa jeusi lilikuwa limelala pale, mraba, kubwa, limefika karibu na sauna.

Saa saba mchana Casper alibisha mlango wa nyumba nyekundu. Huku kwetu wanaobisha mlango ni polisi tu. Mtu huingia, hukaa kwenye benchi la mlangoni, hutulia mpaka aitwe mezani. Sixten, aliyeongozana naye, aliingia akakaa. Casper akasimama, soksi zake zikitoa mvuke.

"Bi Helny. Tuna changamoto kidogo."

"Nimesikia imekulowesha viatu."

"Tungependa kushirikiana nawe kuhusu ile rasilimali ya... ya pale konani."

"Barafu."

"Barafu. Ndiyo." Akakohoa. "Taja bei."

"Haiuzwi."

Sixten akatazama dari. Helny akamimina kahawa, akatumbukiza jibini, akamsogezea mgeni kikombe. Casper akaanza kulichokoa jibini kwa kijiko kama anayetoa nzi.

"Acha, linaliwa," Helny akasema. "Sikiliza. Funguo za trekta zirudi. Mtaimbo ukae stoo, mahali pake. Mavuno naongoza mimi, mwaka huu na mwaka kesho, mpaka siku nitakayosema mwenyewe nimechoka. Na theluji inakwanguliwa."

"Lakini wageni, ule weusi..."

"Waambie ni maegesho ya magari."

"Itabidi niulize bodi."

"Waulize. Jua linapanda kila siku. Aprili mto unaondoka, na barafu haijui kusoma barua. Hilo nililijaribu majira yote haya."

Casper akatazama dirishani. Tone moja lilikuwa likining'inia kwenye ukingo wa paa upande wa jua, la kwanza mwaka huo. Wote watatu wakalitazama mpaka likaanguka.

"Kwa hiyo tumekubaliana?" akauliza kwa sauti ndogo.

Helny akavuta pumzi ghafla kwa midomo iliyobana, shwup. Casper akaruka kutoka mahali pake akidhani mama wa watu moyo umesimama.

"Amesema ndiyo, kwa ndiyo ya huku kwetu," Sixten akamwambia. "Kunywa kahawa."

Siku ya pili yake Helny aliingia mtoni mbele ya watu wote. Akapiga la kwanza, kavu. La pili, kavu. La tatu, na sauti ikakimbia chini ya barafu mpaka ng'ambo ikarudi, kama ngoma iliyowambwa vizuri. Tingatinga likaingia. Msumeno ukalia. Pande la kwanza lilipotoka majini, zito, linachuruzika, watu wakasogea karibu. Ndani yake uliweza kumwona Sixten upande wa pili, na hata ndevu zake alizokuwa hajanyoa. Wageni walikiacha kioo na supu, wakatembea wenyewe mpaka konani, wakasimama juu ya lami ile wakipiga picha za miguu yao na kina cha maji meusi chini yake. (Gazeti la wiki iliyofuata liliandika kwamba shamba jeusi lilikuwa mradi wa majaribio wa mkurugenzi. Helny aliwashia jiko gazeti hilo, likawaka vizuri.)

Ila mtu aliyesomea masoko hashindwi mara moja. Walikuwa katika pande la kumi na saba ilipokuja sleji, na juu ya sleji kitu kilichofunikwa shuka jekundu, na nyuma ya sleji mwandishi wa habari, na mbele ya vyote Casper, kofia kichwani, karatasi mkononi. Mchongaji alikuwa amekwisha kuyatumia yale mapande mawili ya ghubani. Shuka likavutwa. Akasimama hapo mwanamke mweupe, amejaa mapovu kama kinywaji cha soda, mwenye pua ya mtoto mchanga, ameshika msumeno kama anayepiga zeze.

"Kwa heshima na taadhima," Casper akaanza, na akayasoma yote tena, bodi, vizazi vijavyo, mbwa wa sleji, mpaka akafika kwenye Milele, ambayo safari hii aliivuta kwa madaha. Ule mstari wa kupumzika aliuruka. Kisha akampelekea Helny kipaza sauti. "Mama wa Barafu wa Milele, tuambie, unajisikiaje?"

Helny akaitazama sanamu toka kichwani mpaka miguuni, akaangalia jua, akaangalia mahali Casper alipoweka viatu vyake vipya.

"Mwezi wa tano itakuwa maji," akasema. "Sogea, umesimama kwenye mstari wa kukata."